Msafiri asiye na basi: kisa cha binti aliyerudi mtaani baada ya sisi kusema amehitimu

Usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, makarani wa sensa walipita Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam. Sensa yetu huanza hivyo: saa sita usiku wanahesabiwa kwanza wale ambao kukicha hawatapatikana tena walipo, yaani wasafiri, wageni wa hotelini, wagonjwa waliolazwa, na wanaolala nje. Karani mmoja alimfikia binti wa miaka 19 aliyekuwa amekalia begi lake la shangazi kaja, akamuuliza safari ya wapi. Akajibu, Singida. Akaandikwa msafiri.

Hakuwa na tiketi. Ilikuwa wiki yake ya tano kituoni, na mimba ilikuwa inakaribia miezi minne. Alikuwa amegundua kwamba pale ndipo mahali pekee jijini ambapo mwanamke anaweza kulala na mzigo wake bila kuulizwa, kwa sababu mabasi ya mikoani yanaondoka alfajiri na watu wengi huja kulala wakiyasubiri. Kila siku mbili alihama benchi. Asubuhi alinawa uso na kujipanga karibu na milango ya mabasi kama wenzake, kisha akajipotezea.

Nimefanya kazi za ustawi wa jamii kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo katika nyumba ya hisani inayopokea wanawake wasio na pa kulala. Nakiandika kisa hiki kwa sababu tulimpokea binti huyu, tukamtunza miezi 14, tukampiga picha siku ya kumuaga, na miezi minne baadaye alikuwa analala sokoni na mtoto mgongoni. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha asitambulike. Nimemsomea andiko lote, na sehemu mbili aliniambia nizitoe. Nimezitoa.

Alivyofika hapo

Aliletwa mjini akiwa na miaka 16 na ndugu wa upande wa mama, kuwa dada wa kazi. Aliahidiwa shilingi 40,000 kwa mwezi, ambacho ndicho kilikuwa kima cha chini cha kisheria kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Amri ya Mishahara iliyoanza Januari 2023 ndiyo iliyokipandisha hadi 60,000. Lakini miezi 11 ya mwanzo mshahara ulipokelewa na yule ndugu "amtunzie". Hakuuona. Alihama nyumba mbili, na ya tatu ndiyo aliyopatia mimba. Siku mama mwenye nyumba alipomkuta anatapika nyuma ya choo, alipewa nauli na dakika za kufungasha. Nani baba wa mtoto ni jambo aliloliweka kwake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ingempa haki ya kudai matunzo. Tulimweleza mara mbili. Hakutaka, na sikumsukuma.

Nauli ile ilitosha kumfikisha Singida. Watu huuliza kwa nini hakwenda. Alikuwa ameondoka kijijini akiwa tumaini la bibi yake, na kurudi na mimba na mikono mitupu aliona ni kumuua bibi akiwa hai. Hayo ndiyo maneno yake, na nayaelewa.

Kutoka kituoni alihamia sokoni. Mama lishe mmoja alimwona akiokota viazi vilivyodondoka kwenye gari, akamwita amsaidie kumenya vitunguu. Tangu siku hiyo alilala juu ya benchi la kibanda, na saa kumi alfajiri aliwasha moto, akachota maji, akaosha sufuria za jana. Malipo yalikuwa chakula na mahali pa kulala. Kwa sheria, hata hilo lilikuwa na hatari yake. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa yeyote anayeonekana mzururaji, na wanawake wa sokoni wanajua kuchukuliwa usiku kunavyokuwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yapo hapa hapa nchini, Arusha, ilishatoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Maoni hayo hayakuwa yamefika kwenye lile benchi.

Kilichomleta kwetu ni kadi ya kliniki. Wajawazito wanatakiwa kuhudhuria mara ya kwanza pamoja na mwenza ili wapimwe wote wawili. Asiye na mwenza huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Barua ya mtaa inataka uwe na mtaa: mjumbe akujue, mwenye nyumba wako atajwe. Alirudishwa mara mbili. Mara ya tatu muuguzi alimkalisha pembeni, akamuuliza anaishi wapi hasa, akampigia simu afisa ustawi wa jamii wa kata. Mwisho wa Novemba 2022 alikuwa getini kwetu, mimba ya miezi saba, shangazi kaja mkononi.

Miezi 14 ya kwanza

Nyumba yetu ina vitanda 14. Fedha zinatoka kwa waumini wa kanisa moja Ulaya na wachangiaji wachache wa hapa nyumbani. Taratibu ni zile unazozikuta karibu kila nyumba ya aina hii. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni. Simu zinakabidhiwa ofisini. Kuna zamu za jikoni, za usafi, za kulea watoto. Asubuhi sala, kisha darasa la cherehani hadi mchana. Kila mmoja anapewa miezi 12, na mwenye mtoto mchanga huongezewa miwili.

Nisiidharau nyumba hii. Alijifungua salama mwishoni mwa Januari 2023, mtoto wa kilo tatu. Alilala. Wiki ya kwanza hakuamka kwa kengele wala kwa chakula, na mlezi wetu mkuu, tunayemwita Mama, alikataza asiamshwe. Mtu aliyelala kituoni na sokoni kwa miezi minne hajalala kabisa. Amekuwa akifumba macho huku sikio likilinda begi. Hilo tulilitambua na tulilifanya vizuri.

Ila kuna jambo nililiona na sikulipa uzito. Begi lake halikufunguliwa. Alipewa kabati dogo lenye rafu tatu, akaweka humo nguo za mtoto tu. Za kwake alizitoa kwenye begi asubuhi na kuzirudisha usiku zikiwa zimekunjwa, miezi yote 14. Nilidhani ni usafi, nikamsifia mbele ya wenzake.

Siku ya kuondoka ilikuwa katikati ya Januari 2024. Tulimpa cherehani ya miguu, godoro, na shilingi 50,000. Binamu yake Mbagala alikubali kumpokea. Tulipiga picha: binti, mtoto, cherehani. Kwenye taarifa ya wafadhili aliandikwa amehitimu.

Kilichovunjika

Anayeshona ataona kosa la kwanza mara moja. Msimu wa sare za shule ni Desemba na wiki za mwanzo za Januari. Tulimtoa msimu ukiwa umekwisha, kwa sababu tarehe ilipangwa na mwaka wa taarifa zetu, wala hakuna aliyefikiria soko. Mtaa aliokwenda ulikuwa na mafundi wengi, na nguo za mitumba zinauzwa kwa bei ambayo fundi anayeanza hawezi kuifikia. Tena tulimpa mashine bila mtaji wa vitambaa, nyuzi na zipu.

Akatafuta mkopo. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, serikali ilikuwa imeisimamisha tangu Aprili 2023, na hata kama ingekuwepo inataka kikundi cha wakazi wanaojulikana. Kilichobaki ni kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku. Alichukua 100,000, arejeshe 4,500 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu: ni 135,000 kwa mwezi mmoja, kutoka kwa mtu ambaye wateja wake wanachukua gauni kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Wakusanyaji wakaanza kuja nyumbani kwa binamu. Shemeji akachoka. Machi cherehani iliuzwa 110,000 kulipa deni. Mei, binamu akamwambia kwa upole, na naamini kwa machungu, kwamba nyumba imekuwa finyu.

Akarudi kwenye benchi analolijua. Mwenzetu mmoja alikwenda sokoni kununua vitunguu vya nyumba, akaona mtoto anayemfahamu amelala ndani ya ndoo kubwa ya kuoshea vyombo, ametandikiwa khanga.

Kikao cha watumishi kilichofuata sitakisahau. Utaratibu wetu ulisema aliyehitimu harudi, maana kitanda kinasubiriwa na mwingine. Mmoja wetu alisema tulimpa kila kitu akakiuza. Nilinyamaza kwanza, na ninajuta kunyamaza kule. Kisha Mama akauliza swali lililogeuza kikao: "Katika miezi 14, lini binti huyu aliamua kitu?"

Tukaanza kutafuta jibu. Tulikuwa tumemwamulia ale nini, alale saa ngapi, ajifunze nini, nani amshike mtoto, aondoke lini, akaishi na nani. Fedha hakuishika hata mara moja. Sabuni tulimpa, nauli ya kliniki tulimlipia. Tukamtoa kwenda kwenye jiji ambalo kila hatua yake ni kuamua na kulipa kabla. Chumba cha 40,000 Mbezi hakipatikani kwa 40,000. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Ni 280,000 siku ya kwanza, kabla hujanunua kiberiti. Hatukuwahi hata kuitaja hesabu hiyo darasani. Ndiyo maana kila anayetoka kwetu huenda "kwa ndugu", na kwa ndugu ndiko wengi walikotokea.

Mara ya pili

Tulimrudisha mwisho wa Mei 2024. Safari hii nilikaa naye chini ya mwembe na karatasi tupu nikamuuliza anataka nini. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Dada, cherehani mimi sikuipenda tangu mwanzo. Najua kupika." Miezi 14 sikuwa nimemuuliza.

Kwa hiyo akarudi kwa mama lishe yule yule, lakini kwa mshahara. Mimi na Mama tulikwenda kuongea naye, tukanywa chai yake, na yeye mwenyewe akataja 5,000 kwa siku na chakula. Tatizo likawa geti. Kazi inaanza saa kumi alfajiri, geti linafunguliwa saa kumi na mbili. Mlinzi alikataa kuamka, na alikuwa na haki yake. Suluhisho lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha: tukamchongea ufunguo wa mlango mdogo. Watumishi wawili walipinga, wakisema wengine wote watadai. Wengine watatu walidai kweli. Walipewa, na hakuna kilichoibwa.

Mchana mtoto alibaki na wenzake kwa zamu. Kila jioni alitoa 500 za jikoni, nasi tukampa risiti. Wapo waliosema si haki kumtoza maskini. Mimi nilimwona akizihifadhi zile risiti ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Mambo ya karatasi yalitula miezi mitano, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu hapa ndipo watu wa mtaani wanakwama. Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, huwezi kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, utaratibu uliokuwa lazima kuanzia Januari 2020. Bila laini huna pa kuweka fedha isipokuwa kwenye pindo la khanga. Na namba ya NIDA inataka cheti cha kuzaliwa au cha shule, taarifa za wazazi, na barua ya serikali ya mtaa. Tukarudi kwenye barua ile ile iliyomkwamisha kliniki. Mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa na msimamo kwamba "wale wa kituo" si wakazi. Tulimwalika aje kula nasi mchana. Alikuja na mjumbe wa shina letu, wakaona watoto, wakaona daftari la nyumba lenye majina na tarehe. Barua ikaandikwa siku hiyo.

Cheti cha shule kilimlazimu kupiga simu kijijini. Alishika simu ya ofisi dakika nyingi bila kubonyeza. Mwalimu wake wa zamani ndiye aliyepokea, akapekua kabati, akakuta cheti chake cha darasa la saba hakijawahi kuchukuliwa. Akakituma kwa basi.

Nilimsindikiza kukichukua. Vifurushi vya mabasi ya mikoani vinashushwa Mbezi, kituo kile kile. Hakunionyesha alikokuwa analala na sikuuliza. Kwenye dirisha la vifurushi kijana alimwambia, "Kitambulisho." Alikuwa anatafuta karatasi ili apate kitambulisho, na karatasi haitoki bila kitambulisho. Nilitoa changu. Akafungua bahasha pale pale. Pamoja na cheti kulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari kutoka kwa bibi, kimeandikwa na mjukuu mwingine: bibi anasalimu, anauliza mtoto anaitwa nani.

Namba ya NIDA ilitoka Novemba 2024. Laini ikasajiliwa kwa jina lake wiki hiyo hiyo.

Fedha zenyewe lakini hazikutoka kwenye simu wala kwetu. Zilitoka kwenye mchezo. Wanawake 20 wa sokoni wanatoa 2,000 kila siku, na kila siku mmoja anapokea 40,000. Kijumbe wao, yaani anayekusanya fedha za mchezo, ni muuza nyanya anayeogopwa na kupendwa kwa kiasi sawa. Mgeni haingii bila mdhamini. Mama lishe alimdhamini Agosti, akawekwa wa mwisho kwenye orodha kama ilivyo ada. Kwa hiyo kila baada ya siku 20 alipokea 40,000. Hadi mwisho wa Januari 2025 zamu yake ilikuwa imefika mara tisa, ambazo ni 360,000. Mbili zilikwenda kwa mtoto na safari za ofisini. Saba zikawa kodi ya miezi sita pamoja na ya dalali, 280,000 kamili. Hatukuongeza hata shilingi, ingawa nilitaka. Alitukataza.

Alihama tarehe mosi Februari 2025. Tulichokifanya baada ya hapo ni kumtembelea kila Jumamosi ya pili, na kumwachia kitanda chake kikiwa wazi kwa miezi mitatu, akijua kipo. Bodi ilisita sana juu ya hilo, kwa sababu kitanda kitupu kinaonekana vibaya kwenye taarifa. Mimi ningefuta mambo mengi katika mpango wetu kabla ya kukifuta hicho. Mwezi wa pili tangu ahame, mtoto alishikwa na homa usiku, akaja akalala kwetu siku mbili, akarudi kwake. Mwaka uliotangulia homa kama ile ingemrudisha kwenye benchi.

Sidai kwamba njia hii itamfaa kila mtu. Mwenzake mmoja aliyeanza naye aliacha kazi baada ya wiki tatu na hatujui alipo. Wapo wanaohitaji geti lifungwe, hasa anayekimbia mwanamume anayemtafuta. Lakini fomu yetu bado ina kisanduku kimoja tu cha kutokea, "amehitimu", na miezi 12 iliyochapwa juu yake. Nimepeleka maombi ibadilishwe. Hadi sasa tumeruhusiwa kufanya tofauti kwa vitanda viwili kati ya 14.

Mwanzoni mwa Agosti 2025 kodi yake ya pili ilifika: 240,000, safari hii bila dalali. Nilimkuta amekaa mlangoni, mtoto akichezea vifuniko vya chupa, fedha zimepangwa kwenye sinia ya kupetea mchele. Nguo zake zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari ukutani, na ndani ya shangazi kaja kulikuwa na mkaa. Alihesabu mara mbili, 200,000. Nilikuwa na fedha kwenye pochi na mkono ulikuwa umeshaingia.

"Acha, dada," akasema. "Nimeshaongea na baba mwenye nyumba. Jumatano zamu yangu."